Mataji matano hayakuiokoa Storm

DESEMBA 21, 2017, zikiwa zimebaki siku nne kufika Krismasi, uongozi wa Tampa Bay Storm ya jimbo la Florida, Marekani, ulitangaza kuwa timu hiyo inasimamisha shughuli zake. Hapakuwa na mechi ya kuagana wala sherehe. Msimu ulikuwa umekwisha tangu Agosti.

Mtu akisikia timu imefungwa milango, wazo la kwanza ni kwamba ilikuwa ikipokea vipigo kila wiki. Storm haikuwa hivyo. Miezi minne tu kabla ya tangazo hilo ilicheza fainali ya ligi yake na kupoteza kwa tofauti ya pointi nne. Kabatini ilikuwa na mataji matano ya ubingwa, na hakuna timu ya ligi hiyo iliyowahi kutwaa mengi kuliko hayo.

Habari hii inawagusa wazazi kuliko inavyoonekana. Katika nyumba nyingi yupo kijana aliyekwisha kuamua kwamba riziki yake itatoka uwanjani, na mzazi anayetaka kumuunga mkono huangalia kitu kimoja: je, timu inayomtaka inashinda? Storm ilishinda sana. Maswali yaliyoamua hatima yake na ya watu waliocheza humo yalikuwa mengine, ya bima, ya mikataba, na ya nani analipa bili ya hospitali siku ligi inapofilisika.

Mchezo wenyewe

Mpira wanaoupenda Wamarekani si ule wa Simba na Yanga. Una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji hugongana kwa makusudi wakiwa wamevaa kofia ngumu na vikinga mabega. Kwa kawaida huchezwa nje, kila timu ikiwa na watu 11, kwenye uwanja wenye urefu wa yadi 100.

Mwaka 1981 Mmarekani mmoja, Jim Foster, alikuwa ukumbini New York akitazama mechi ya soka ya ndani. Akajiuliza kwa nini mpira wa Kimarekani nao usiingizwe ukumbini. Akachora wazo lake juu ya bahasha. Uwanja ukapunguzwa hadi yadi 50, yaani karibu mita 46, na wachezaji wakabaki wanane kila upande. Nyuma ya mistari ya mwisho zikatundikwa nyavu ndefu, mpira ukizigonga unarudi na mchezo unaendelea. Pembeni, mahali ambapo kwenye uwanja wa nje mchezaji angekimbia hadi kwenye nyasi, pakawekwa ukuta mfupi wa mbao uliofunikwa kwa sponji.

Kibiashara wazo lilikuwa na mantiki. Kumbi kubwa za Marekani hujaa majira ya baridi kwa ajili ya kikapu na magongo ya barafuni, halafu kiangazi hukaa bila shughuli. Ukumbi uliofungwa ni hasara kwa mwenye nao. Ligi ya kiangazi ingeziba pengo hilo.

Ligi ilianza mwaka 1987 na timu nne: Chicago, Denver, Washington na Pittsburgh. Mechi ya kwanza kabisa ya msimu ilichezwa Pittsburgh, Juni 19, na wenyeji, wakiitwa Pittsburgh Gladiators, wakaifunga Washington 48-46. Hao Gladiators ndio waliokuja kuwa Storm.

Pittsburgh ni mji wa chuma, na watu wake wana wazimu wa mpira wa Kimarekani. Ila tayari walikuwa na timu yao ya nje, Steelers, yenye historia ndefu na mataji ya kujivunia. Mgeni wa ukumbini alikuwa mtoto wa kambo. Gladiators walifika fainali ya kwanza ya ligi wakiwa nyumbani na wakachapwa na Denver 45-16. Mwaka 1989 wakafika tena, wakafungwa na Detroit 39-26. Mwaka uliofuata walishinda mechi tatu tu kati ya nane. Baada ya hapo mmiliki akaifungasha timu na kuipeleka kusini, Florida.

Msomaji asiyezoea mambo ya michezo ya Marekani anaweza kushangaa hapa. Kule, timu ni mali ya mmiliki kama duka lilivyo mali ya mwenye duka. Akiona wateja hawatoshi mtaa huu, anahamia mtaa mwingine, anabadilisha jina mlangoni na biashara inaendelea. Mashabiki hawapigi kura. Wachezaji nao hawaulizwi, na mwenye mke na watoto anaamua mwenyewe kama familia inahama naye au inabaki.

Nyumba ilikuwa tayari

Mji ulioipokea timu hiyo, St. Petersburg, ulikuwa na kisa chake cha kuchekesha. Upo jirani na Tampa, ng'ambo ya ghuba, na mwaka 1990 ulifungua ukumbi mkubwa wenye paa la kuba uliojengwa kwa ajili ya besiboli, bila kuwa na timu yoyote ya besiboli ya ligi kuu. Matumaini yalikuwa kwamba timu fulani ya mji mwingine ingeshawishika kuhama. Klabu ya White Sox ya Chicago ilikaribia kufanya hivyo mwaka 1988, lakini jimbo lake likaizuia kwa kuahidi kuijengea uwanja mpya. Besiboli haikufika St. Petersburg hadi mwaka 1998.

Basi mwaka 1991 ndani ya jengo hilo lililokuwa likisubiri mwenyeji ikaingia timu ya mpira wa ukumbini iliyokuwa ikitafuta nyumba. Ikabatizwa jina la Storm, yaani dhoruba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na kweli walipona haraka. Msimu huohuo wa kwanza, Storm ilikwenda Detroit kucheza fainali dhidi ya timu iliyokuwa imetwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, ikashinda 48-42. Timu ambayo Pittsburgh ilipoteza fainali mbili, Florida ilibeba kombe kabla watu hawajajua majina ya wachezaji wote.

Mrushaji wake mkuu wa mpira, nafasi ambayo ndiyo ubongo wa timu katika mchezo huu, alikuwa Jay Gruden. Akiwa na timu hiyo alitwaa mataji ya mwaka 1991, 1993, 1995 na 1996, na miaka mingi baadaye akawa kocha mkuu wa timu ya Washington kwenye ligi kuu ya nje, NFL. Kuanzia mwaka 1995 benchi lilishikwa na Tim Marcum, ambaye tayari alikuwa ameshatwaa ubingwa akiwa na Denver na Detroit.

Hiyo ndiyo miaka ambayo familia za eneo hilo bado huikumbuka. Fainali ya 1995, Storm dhidi ya jirani zake Orlando Predators, ilitazamwa na zaidi ya watu 25,000 ndani ya kuba lile, na wenyeji wakashinda 48-35. Miji hiyo miwili imeunganishwa na barabara kuu iitwayo I-4, kwa hiyo kila walipokutana watu waliita vita vya I-4. Basi la mashabiki lilikwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kwa wazazi, ukumbi huo ulikuwa na faida ambazo uwanja wa nje hauna. Hakuna mvua wala jua la Florida. Watoto wanakaa karibu na mchezo kiasi cha kusikia makofia yakigongana. Mpira ukiruka na kuangukia jukwaani, aliyeudaka anakwenda nao nyumbani. Mechi ikiisha, wachezaji hubaki kusaini fulana na kupiga picha na watoto. Kwa mtoto wa miaka minane, kushikwa mkono na jitu la kilo 130 lenye jasho ni habari ya kusimulia darasani wiki nzima.

Fainali ya 1996 ilichezwa Des Moines, jimbo la Iowa, na Storm ikashinda 42-38. Mrushaji wa Iowa siku hiyo alikuwa kijana aitwaye Kurt Warner. Miaka miwili kabla, baada ya kukatwa na timu ya Green Bay, Warner alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka la vyakula usiku kwa dola 5.50 kwa saa. Januari 2000 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya NFL akiwa na St. Louis Rams.

Kisa cha Warner kilisimuliwa sana, na pengine kilisimuliwa kupita kiasi. Kila mchezaji wa ukumbini aliyekuwa akiuguza goti alikuwa nacho kichwani: vumilia msimu mmoja zaidi, labda simu italia. Warner alikuwa mmoja. Waliobaki ukumbini walikuwa mamia.

Mwili ndio mtaji

Kwa miaka 20 ya mwanzo ligi ilikuwa na kanuni iliyopewa jina la mtu wa chuma. Wachezaji wengi walilazimika kushambulia na kulinda pia, bila kutoka nje timu inapobadilisha zamu. Katika mpira wa nje, aliyeshambulia hukaa benchi akinywa maji wakati wenzake wakilinda. Ukumbini alibaki kiwanjani, uwanja mfupi, nafasi finyu, ukuta pembeni. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2007. Mashabiki wa zamani waliilalamikia ligi kwa kuiondoa, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyekaa jukwaani.

Aprili 10, 2005, ukumbini Los Angeles, mchezaji wa Los Angeles Avengers, Al Lucas, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alijaribu kumzuia mpinzani wa New York aliyekuwa akikimbia na mpira. Akaumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo na kufariki dunia siku hiyohiyo. Haikuwa rafu wala tukio la ajabu. Ilikuwa hatua ya kawaida ya mchezo, inayofanyika mara nyingi katika kila mechi.

Vifo kama hicho ni nadra. Kilicho cha kawaida ni kugongwa kichwa, na hapa mji ulioiacha timu hii iende zake unarudi kwa njia nyingine. Mwaka 2002, katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Pittsburgh, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa Steelers aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya miaka mingi ya kuchanganyikiwa. Akakuta mabaki ya protini iliyojikusanya kwa namna ambayo haikutarajiwa kwa mtu wa umri ule. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 2005. Ugonjwa huo, unaofahamika kwa kifupi kama CTE, unahusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi, na hadi sasa huthibitishwa kwa uhakika baada ya mtu kufariki tu.

Julai 2017, wakati Storm ikiwa katikati ya msimu ambao ungekuwa wa mwisho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo 111 wa wachezaji wa zamani wa NFL. Ubongo 110 ulikuwa na CTE. Tahadhari yao inafaa kusomwa pamoja na namba hiyo: familia nyingi zilitoa ubongo huo kwa sababu marehemu alikuwa ameonyesha dalili, kwa hiyo haina maana kwamba karibu kila mchezaji anaugua.

Mzazi ambaye mtoto wake anacheza mchezo wowote wa kugongana, hata soka ya mtaani, afahamu kwamba mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtoto azimie. Anaweza kuinuka na kuendelea kucheza huku akiuliza mara tatu mechi ni ngapi ngapi. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kukerwa na mwanga, kusahau yaliyotokea muda mfupi uliopita, au hasira zisizo za kawaida, zote ni dalili, na baadhi hujitokeza saa kadhaa baadaye au hata kesho yake. Mtoto huyo atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo hata akilia. Akitapika mfululizo, akipata degedege, akizidi kuumwa kichwa, au akiwa mgumu kuamka, hiyo si habari ya kusubiri asubuhi. Apelekwe hospitali.

Makocha wa zamani walimuita anayeomba kutoka mwoga. Wapo wanaoita hivyo hadi leo.

Bei ilipanda, kisha

Mwaka 2003 ligi ilianza kuonyeshwa na NBC, moja ya televisheni kubwa za Marekani, na Storm, ikiwa imeshahamia ukumbi mpya katikati ya jiji la Tampa tangu 1997, ikatwaa taji la tano kwa kuifunga Arizona 43-29. Televisheni ilileta jina, na jina likapandisha bei ya timu. Mwaka 2007 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa Tampa, Robert Nucci, aliinunua Storm kwa karibu dola milioni 19.

Desemba 2008, uchumi wa dunia ukiwa umeyumba, ligi ikafuta msimu wa 2009. Agosti 2009 ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika. Mwishoni mwa mwaka huo mali zote za ligi, majina, nembo na haki za timu kwa pamoja, zilinunuliwa kwa dola milioni 6.1. Yaani ligi nzima iliuzwa kwa takriban theluthi moja ya bei iliyokuwa imelipwa miaka miwili nyuma kwa timu moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kilichofuata kuliko matokeo yoyote ya uwanjani. Bei ya mwanzo ilitegemea imani kwamba ligi itaendelea kukua. Tiketi za familia, hata ukumbi ukijaa, hazikutosha kulipa safari za ndege, kodi ya ukumbi, mishahara na bima ya watu wanaogongana kwa ajira.

Ligi ilipofufuliwa mwaka 2010, Storm ilikuwamo, na ikafika fainali, ikafungwa na Spokane 69-57. Kwa mtazamaji ilikuwa ileile. Kwa mchezaji haikuwa ileile hata kidogo. Kima cha msingi kilikuwa dola 400 kwa mechi. Msimu ulikuwa na mechi 16, kwa hiyo asiyekosa hata moja alipata dola 6,400 kwa msimu mzima. Kwa maisha ya Marekani hiyo si mshahara, ni posho. Mwenye familia alihitaji kazi nyingine, na mwenye kazi nyingine alihitaji mwajiri anayekubali aondoke kila mwisho wa wiki na kurudi Jumatatu akichechemea.

Mwaka 2012 uvumilivu ukaisha na baadhi ya wachezaji wa ligi wakagoma. Mechi ya ufunguzi, Orlando dhidi ya timu mpya iliyokuwa imeanzishwa Pittsburgh mwaka uliotangulia, ilichezwa kwa kuita wachezaji wa akiba kutoka nje. Timu hiyo ya pili ya Pittsburgh nayo ilifunga milango mwaka 2014. Mji huo hauna bahati na mpira wa ukumbini, au tuseme una akili ya kutousubiri.

Storm kwa wakati huo ilikuwa na nafuu kuliko wengine. Iliingia mikononi mwa Jeff Vinik, tajiri aliyenunua timu ya magongo ya barafuni ya Tampa Bay Lightning mwaka 2010 na aliyekuwa akiendesha ukumbi wenyewe. Timu iliyo chini ya mwenye ukumbi haidaiwi kodi na mtu baki. Tatizo halikuwa nyumbani tena. Lilikuwa kwamba majirani walikuwa wanahama mmoja mmoja.

Baada ya msimu wa 2016 Orlando Predators wakajitoa. Jacksonville, timu nyingine ya Florida, ikajitoa. Arizona, mabingwa mara tano kama Storm, wakahamia ligi nyingine. Mwaka 2017 ligi iliyowahi kuwa na timu 19 ilibaki na tano: Storm, Philadelphia, Cleveland, Washington na Baltimore, hizo mbili za mwisho zikiwa mpya kabisa. Vita vya I-4 vikafa kwa kukosa adui. Mpinzani wa karibu zaidi sasa alikuwa Washington, umbali wa kilomita kama 1,300, na mashabiki wakawa wanaona timu zilezile nne zikirudi na kurudi.

Katika mazingira hayo Storm ikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 2016 ilikuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza 14. Mwaka 2017 ilishinda kumi na kupoteza nne tu, ikaingia fainali. Agosti 26, ugenini Philadelphia, ikafungwa 44-40. Timu ikiwa imebadilika namna hiyo ndani ya mwaka mmoja, kwa kawaida watu huanza kuhesabu siku za msimu ujao.

Msimu ujao haukuja. Kati ya timu nne zilizoanzisha ligi mwaka 1987, hii iliyozaliwa Pittsburgh ndiyo pekee iliyokuwa bado hai, ikiwa na jina jingine na mji mwingine.

Cleveland nayo ikapumzika wakati ukumbi wake ukikarabatiwa, na haikurudi. Novemba 2019 ligi yenyewe ikatangaza kufilisika kwa mara ya pili. Miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kesi ya mamilioni ya dola iliyofunguliwa na kampuni iliyowahi kuiwekea bima. Ilidumu kwa tiketi, ikakosa pumzi kwenye bima.

Bima kwa mchezaji wa mchezo huu si karatasi ya kutia sahihi bila kusoma. Goti lililokatika msuli leo linaweza kuhitaji upasuaji leo na upasuaji mwingine baada ya miaka kumi. Bega, shingo na kichwa huwa na madai yao ya baadaye. Timu ikiwa imehama jimbo, imebadilisha mmiliki, na ligi imefilisika, mchezaji anayedai matibabu ya jeraha la zamani hulazimika kwanza kutafuta anamdai nani. Na nyaraka, kama hakuzitunza mwenyewe, zimebaki kwenye ofisi ambayo haipo.

Ndiyo sababu mzazi anayeitwa kusaini fomu ya kituo cha michezo au klabu kwa niaba ya mwanawe ana haki ya kuwa msumbufu. Aulize bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Aulize kama inalipa jeraha lililoonekana baada ya mkataba kwisha. Aombe nakala ya kila cheti cha daktari, picha ya eksirei na ripoti, akazihifadhi nyumbani na si kwa kocha. Klabu nzuri haitachukia. Na darasa lisiachwe, maana hata Warner alimaliza chuo kwanza.

Ukumbi wa Tampa bado upo na unajaa. Lightning walitwaa ubingwa wa magongo mwaka 2020 na 2021 wakiwa na makao yao humo. Mwaka 2024 kundi jingine la wawekezaji lilifufua jina la ligi ya mpira wa ukumbini kwa timu 16, Orlando ikiwamo. Ndani ya wiki chache timu zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Storm haikuwa kwenye orodha.